Midbesi gani nitie kwa milango ya Fielder? Mbele inalia kama redio ya mkebe

fielder_ya_nyamasaria

Wakuu habari za jioni. Niko Kisumu, naendesha Toyota Fielder ya 2010, gari ya kazi na pia ya raha kwa hivyo muziki ni lazima. Mwaka jana nilitia wufa ya inchi 12 kwa buti na amplifaya yake, hapo sina malalamiko, nikiweka ohangla majirani wanajua nimefika nyumbani. Shida ni mbele. Mwezi uliopita nilitoa spika za kampuni za mlangoni nikatia inchi 6 na nusu mpya, zile twita, yaani kaspika kadogo ka sauti za juu, iko katikati ya koni, fundi wa mtaani akanifungia. Kwa boksi zimeandikwa wati 400.

Sauti za juu ziko safi, mwimbaji namsikia hadi akivuta pumzi, lakini ile ngumi ya ngoma inafaa ikupige kifuani haipo kabisa. Gitaa la besi ndio usiseme, linapotea katikati ya wimbo alafu linarudi likijisikia. Besi yote inatoka nyuma, ni kama kuna mtu amekaa kwa buti anapiga debe peke yake.

Nimeambiwa dawa ni midbesi, zile spika za mlangoni za besi ya kati. Niko na kama elfu 15. Nichukue 6 na nusu ama nikate mlango nitie 8? Wati ngapi? Redio ni ya skrini imeandikwa 50W x 4 na spika za mbele zinatoka kwa redio moja kwa moja, hazina amplifaya.

besi_ya_mwisho

Mkuu wacha nikuokolee muda. Toa hizo, kata mlango, tia inchi 8 za PA, spika za kutangazia kwa mikutano na matamasha, zile za koni ya karatasi ngumu na ukingo wa kitambaa, weka amplifaya ya chaneli nne, maliza. Mimi nafunga kwa tuktuk na matatu hapa Nakuru na hakuna mteja amerudi akilia. Izo 8 ziko na sensitiviti, yaani desibeli za sauti unazopata kwa wati moja, ya 95 kwenda juu, zako za dukani ni kama 88, hio tofauti si ya kucheza nayo. Ukiwa Lanet watu wa Free Area wanajua ni wimbo gani unacheza.

kimya_tu

Nafuatilia. Niko na Probox na ugonjwa ni huo huo.

kibao_cha_mboga

@fielder omera usikate kitu bado, na hio elfu 15 iache kwa M-Pesa kwanza. Nakuomba ufanye jambo moja halina gharama. Kaa kwa kiti chako, injini imezimwa, zima wufa kabisa, weka wimbo wa rhumba wenye gitaa la besi la kutembea. Ingia kwa balansi ya redio upeleke sauti yote kulia. Sikiza besi. Alafu rudisha katikati. Spika zikiwa mbili inafaa besi iongezeke, si ndio? Sasa kama inapungua ukirudisha katikati, kuna spika moja imefungwa kinyume, plasi imeingia kwa mainasi. Ya kulia ikisukuma hewa ya kushoto inaivuta, zinapokezana hewa zenyewe kwa zenyewe na wewe hapo katikati hupati kitu. Sauti za juu hazikufi hivyo kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, ndio maana mwimbaji unamsikia vizuri. Hio hadithi yako ya gitaa kupotea na kurudi ndio imenifanya nishuku fundi kabla ya kushuku spika.

Kuhakikisha ni rahisi. Chomoa soketi nyuma ya redio, na usiruke hii ya kuchomoa, redio yenyewe isipate huo moto. Chukua betri ndogo ya 1.5V, gusa waya za spika sekunde moja tu, plasi kwa plasi, mtu mwingine aangalie koni mlangoni. Ikiruka nje iko sawa, ikiingia ndani imegeuzwa. Kwa redio nyingi za kununua waya nyeupe ni spika ya mbele kushoto, ya kijivu ni mbele kulia, na ile iko na mstari mweusi ndio mainasi. Pimia hapo nyuma ya redio usipimie mlangoni, kosa linaweza kuwa popote njiani.

Sasa hio 50W x 4. Redio haina amplifaya kubwa ndani, inategemea tu umeme wa gari, na injini ikinguruma hio ni kama volti 14.4. Kwa spika ya ohm 4, hesabu ikienda vizuri kabisa bila kupoteza chochote haifiki wati 26, na kihalisia unapata 18 hadi 22. Hio 50 ni ya kilele, sekunde ya kupiga kope. Na 400 ya boksi ni ndugu yake, usiisome, tafuta pale pameandikwa RMS, hizo ndio wati za kubeba muda wote. Sasa una spika inataka kusukumwa na unaisukuma na kidole.

@besi_ya_mwisho bila ubaya kaka, ushauri wako ni sawa kabisa kwa tuktuk, na sababu ni kwamba tuktuk haina milango. Iko wazi, injini inapiga kelele mgongoni mwa abiria, hapo unataka kitu cha kulia kwa nguvu na wati kidogo, na PA inafanya hio kazi vizuri kushinda chochote. Lakini jamaa hataki kelele, anataka ngumi, na ngumi iko chini, kati ya 80 na 200 Hz hivi, yaani mitetemo kwa sekunde. Spika ya inchi 8 iko na uso wa kama sentimita 215 za mraba na ya 6 na nusu ni kama 130, kwa macho unaona 8 imeshinda. Lakini PA nyingi koni inatembea milimita 2 au 3 tu, na midbesi ya gari inatembea 5. Zidisha uone, hewa inayosukumwa inakaribia kulingana. Na kila ukishuka kutoka 160 hadi 80 Hz koni inafaa itembee mara nne zaidi ndio upate sauti ile ile. PA inafika mahali miguu inaisha.

besi_ya_mwisho

Hehe sawa profesa, tuktuk haina milango, hapo umenipata. Lakini mteja wangu wa matatu ako na milango na anafurahi.

kibao_cha_mboga

Matatu iko na maboksi manne ya wufa chini ya viti boss, hizo zinamsaidia 8 kubeba mzigo. Mbele pekee bila hizo ungerudishiwa.

fielder_ya_nyamasaria

WUEH. Nimefanya ile ya balansi saa hii hapa kwa parking. Kulia pekee besi iko, kushoto pekee iko, nikirudisha katikati inakufa, ni kama mtu amefunga mfereji. Nimecheza nayo mara kumi nikidhani ni masikio. Kesho kijana wangu atanishikia betri tuone ni mlango gani.

dada_vitz

Ndugu yangu ukishafungua hio paneli usirudishe ikiwa tupu. Ngoja nikupatie kisa changu ndio usirudie makosa. Mimi niko Vitz, niliambiwa mlango unafaa kubandikwa shiti za kuzuia mtetemo, nikaona bei nikasema zii, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua ile tepu ya lami yenye foili ya kuziba mabati yakivuja. Inafanana kabisa. Nikabandika milango miwili, sauti ikawa nzito tamu, nikajiona mjanja. Ikafika Februari. Unajua jua la Kisumu la saa nane na gari imesimama Kibuye haina hata kivuli cha mti. Lami ikalainika ikaanza kuteremka ndani ya mlango, ikashika chuma za kioo, kioo kikakwama katikati, na gari ikanuka kama barabara mpya wiki mbili. Kukwangua hio kitu nililipa fundi pesa kushinda shiti zenyewe.

Kwa hivyo nunua za butili. Ya lami utaijua kwa kunusa tu, ya butili hainuki hivyo na inavutika kama chingamu. Na si lazima ufunike mlango wote, bandika chuma ya nje nyuma ya spika na pale ukigonga na ngumi panalia kama debe.

kibao_cha_mboga

Dada umenena, na pole kwa kioo 😂

Niongeze tu kwamba watu wanashughulika na mtetemo wanasahau MATUNDU. Mlango wa Toyota ukitoa paneli utaona mabati ya ndani yako na mashimo makubwa yamefunikwa na nailoni. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na hewa ya nyuma inapita kwa hayo mashimo inakuja kukutana na ya mbele zinauana. Ni ugonjwa ule ule wa waya kugeuzwa lakini sasa uko ndani ya mlango mmoja. Hapo unaweza kununua midbesi ya Focal, ya Hertz, ya nani, bado italia kama redio ya mkebe. Ziba hayo mashimo makubwa na kipande cha bati jembamba au plastiki ngumu, zungushia butili, lakini yale matundu madogo chini kabisa ya mlango USIZIBE, hapo ndio maji ya mvua yanatokea. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwa mpira wa kioo kila siku ndani ya mlango, ni kawaida, mlango umeundwa hivyo.

Na hapo ndio jina langu lilitoka. Spika nyingi za Toyota zimepigwa riveti na zinakaa kwa kikombe chake cha plastiki, ukitoa unabaki na shimo halilingani na spika mpya. Fundi wengi wanakata pete ya MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa. Mvua mbili hio MDF imefura kama mandazi, skrubu zinalegea, spika inacheza. Mimi nilikata pete kwa kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile kizito cheupe, msumeno wa jigi unakikata vizuri, hakinywi maji na hakiozi. Mama watoto alitafuta kibao wiki nzima. Weka sponji nyembamba kati ya pete na bati, na nyingine mbele ya spika igusane na paneli, ndio hewa itoke kwa gridi isiingie nyuma ya plastiki.

mulembe_lurambi

Mulembe wakuu, salamu kutoka Kakamega. Nimesoma yote, mmefunika mambo mengi, mimi niguse ya buti. @fielder ukisema besi inatoka nyuma, nakuambia wufa yako inaimba nyimbo si zake. Sikio la binadamu halijui sauti ya 50 Hz inatoka wapi, lakini ukipanda kupita 100 hivi linaanza kujua, na ikifika 150 linakuonyesha kwa kidole. Enda kwa amplifaya ya wufa utafute LPF, kichujio kinachopitisha sauti za chini tu, nina uhakika imezungushwa hadi mwisho. Irudishe 80. Alafu kwa redio weka HPF ya mbele, hio inapitisha za juu tu, 80 pia, mteremko (ukali wa kukata) wa desibeli 12 au 24. Hapo spika za mlango zinaacha kuhangaika na vitu vya chini zisivyoviweza, na wati zako 20 zinaenda pale kuna kazi. Watu wanaogopa HPF wanadhani wanapunguza besi, kumbe wanaiokoa.

Kingine. Wewe unakaa kulia, mlango wa kulia uko karibu na wa kushoto uko mbali, tofauti inaweza kufika nusu mita. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ya kulia inakufikia milisekunde moja na nusu mapema. Kwa noti za hapo 340 Hz hio nusu mita ni nusu ya wimbi, zinakutana kwa sikio lako moja ikipanda nyingine ikishuka, noti inatoboka. Kama redio yako iko na ile menyu ya kuchelewesha, nyingi zinaandika kwa sentimita, chelewesha ya kulia kwa hizo 50. Lakini fanya hii MWISHO, baada ya waya, baada ya mlango, la sivyo unapaka rangi nyumba haina ukuta.

Kwa majaribio mimi sitafuti nyimbo za klabu, nachukua rekodi ya isukuti. Ngoma ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mpigaji anabadilisha haraka. Milango ikiwa mizuri unasikia tatu, kila moja na tumbo lake. Ikiwa mibaya unasikia moja na makofi.

besi_ya_mwisho

Hio ya isukuti nitajaribu kwa matatu nione kama dere atanifukuza.

fielder_ya_nyamasaria

Narudi na majibu. Mlango wa kushoto ndio ulikuwa umegeuzwa, na kosa halikuwa mlangoni, ni pale nyuma ya redio fundi aliungaunga waya na tepu, nyeupe na nyeupe yenye mstari zimebadilishana. Nimerekebisha. Jamani. Spika ni zile zile za boksi la wati 400 ya uongo lakini gitaa limekuja, linatembea mbele yangu kwa dashibodi. LPF ilikuwa mwisho kabisa kama umesema @mulembe, nimerudisha 80 na yule jamaa wa kupiga debe kwa buti amenyamaza. Karibu nitume elfu 15 kwa kitu sikuwa nahitaji.

Ila sasa ngoma ikipiga ndio nasikia mlango wa kushoto unafanya krrr krrr, zamani sikuisikia kwa sababu hakukuwa na besi ya kuutingisha. Na bado nataka ngumi zaidi kidogo. Hio pesa iende wapi?

kibao_cha_mboga

Sasa ndio tuongee manunuzi. Ningekuwa wewe ningeigawa hivi: kwanza milango, butili na pete na sponji, hio ni Jumamosi moja na mikono yako mwenyewe. Alafu amplifaya ndogo ya chaneli mbili au nne hata ya mtumba bora uipime, ya wati 50 hadi 75 RMS kwa ohm 4. Hizo spika uliza tu RMS yake uone kama zinaweza, usizichome. Spika mpya ziwe za mwisho, na kuna nafasi hutazitaka tena.

Ukifika hapo na bado unataka, usiulize jina, uliza karatasi. Sensitiviti, kila desibeli 3 juu ni kama umenunua amplifaya mara mbili, kwa hivyo 91 si jirani wa 88. Fs iwe chini ya 65 hivi, hio ni noti koni inapenda yenyewe, ikiwa 100 hio si midbesi hata wakiandika. Qts, namba ya jinsi spika inavyojizuia kutetemeka yenyewe, iwe kati ya 0.5 na 0.7, kwa sababu mlango si boksi, ni kabati kubwa linalovuja, na spika ya Qts 0.3 inataka boksi lake, ukiiweka mlangoni inakuwa kavu, hapo ndio PA nyingi zinaanguka. Chukua komponenti, twita kando, uitie kwa kile kipembe cha plastiki karibu na kioo cha pembeni. Na kabla ya kutoa shilingi shusha kioo cha dirisha CHINI KABISA upime kina kutoka kwa bati hadi kwa kioo, ongeza unene wa pete. Nimeona mtu amefunga spika nzuri sana alafu dirisha halishuki.

Ya mtumba kutoka Japani usiogope, lakini bonyeza koni polepole na vidole viwili. Ikikwaruza ndani koili imeungua, achana nayo hata kama ni ya bure.

dada_vitz

Na hio krrr usikimbilie kununua kitu. Mwambie mtu acheze wimbo, wewe shika paneli sehemu moja moja na kiganja, ikinyamaza umeipata. Kwangu ilikuwa klipu mbili zilivunjwa na fundi akanyamaza.

kimya_tu

Nimejaribu ya balansi kwa Probox. Yangu haijageuzwa. Nimeumia, nilitamani sana iwe hio.

kibao_cha_mboga

@kimya fungua mlango uangalie nailoni. Probox nyingi nimefungua, ilishatolewa ikatumika kufunga mzigo 😂

fielder_ya_nyamasaria

Jumamosi imefika, milango imezibwa, pete mbili za kibao cha mboga ziko ndani (nilinunua kipya, naogopa nyumbani). Kufunga tu mlango sasa unasikia ni kama gari kubwa, inasema dup badala ya kle. Amplifaya naangalia moja wiki ijayo, spika mpya nimeachana nazo kwa sasa.

Krrr nayo tumeitafuta na kijana kama nusu saa, tumekaza kila skrubu, tumeweka sponji kwa klipu zote, bado. Mwisho akaingiza mkono kwa mfuko wa mlango chini kabisa ya karatasi za zamani za parking akatoa sarafu ya mbao, ile ya shilingi ishirini. Ameshaenda kuinunulia mandazi.